Hempu, Bangi na Kichupa cha Mavyaa Wetu



Sisi tunaowaandikia ni ndugu wawili wa tumbo moja, wazaliwa wa Kuze, Mombasa, tulioolewa na ndugu wawili na kuhamia Kericho. Mmoja wetu yuko huku tangu mwaka 1998, na mwengine alimfuata miaka minne baadaye. Tumeshazoea baridi. Tumezoea mvua inayoshuka karibu kila alasiri kama mtu mwenye miadi, na mvua ya mawe inayochana majani ya chai na kumwacha mkulima akishika tama. Jambo tunaloleta kwenu leo lilitufika ndani ya nyumba, na tumechelewa kuliandika kwa sababu ya haya. Mtaona wenyewe.

Mavyaa wetu ni Mkipsigis wa Bomet. Baba mkwe, Allah amrehemu, alikuwa mchuuzi wa vitambaa aliyepanda kutoka pwani na kuwauzia wachumaji wa mashamba makubwa, naye alimkuta huko akiwa msichana mwenye kikapu mgongoni. Alisilimu, wakaoana, wakajaaliwa watoto. Miaka thelathini na zaidi alichuma chai, kwanza kwa kibarua na baadaye katika shamba lake mwenyewe la ekari mbili, zama zile Bomet ikiwa bado ni sehemu ya wilaya ya Kericho, kabla ya kutengwa mwaka 1992. Wajukuu humwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita bibi. Sisi humwita Mama. Magoti yake yamekwisha. Mwenye kusimama tangu alfajiri kwenye mteremko wenye utelezi, akichagua majani mawili na chipukizi kwa vidole viwili, mzigo ukimvuta nyuma, hulipia siku za uzeeni.

Mwaka jana mjukuu wake mmoja, muuguzi aliyeko Minnesota, Marekani, alimletea kifurushi kwa mkono wa msafiri. Ndani mlikuwa na kopo la mafuta ya kuchua na kichupa kidogo chenye kidondoshi, cha kutiwa matone chini ya ulimi. Vyote viwili vilichorwa jani lenye vidole saba. Tuliliona jani hilo. Hatutasema hatukuliona. Mjukuu alieleza kwa simu kwamba hiyo si bangi, ni hempu, inauzwa huko madukani kama sabuni, na haileweshi. Tukaridhika. Mama akachuliwa magoti kila usiku kwa wiki tatu akasema anapata nafuu, ingawa mmoja wetu aliamini tangu mwanzo kwamba nafuu ilikuwa katika mikono iliyomchua. Kichupa hakukipenda. Alionja mara mbili akasema kinanuka zizi.

Rajabu ilipoingia, Mama alijaaliwa safari ya Umra. Wanawe walikuwa wamechanga miaka miwili. Usiku wa kuamkia safari tulipanga sanduku lake sisi wenyewe: ihramu, madira mawili, viatu vya raba, dawa za presha, na kwa kuwa tuliwaza juu ya kutufu na kusai na hayo magoti, tukatia lile kopo na kile kichupa. Tulikifunga kichupa kwa soksi kisivunjike.

Jirani yetu mmoja, mwanamke wakili katika mahakama za hapa Kericho, alikuja kumuaga Mama na kumwomba amtajie katika dua. Alikaa kitandani kutusaidia kukunja nguo. Mkono wake ukagusa soksi ile ngumu, akaifungua, akasoma maandishi ya kichupa kimyakimya hadi mwisho, kisha akakiweka juu ya meza, mbali na sanduku.

"Nani ametia hiki?"

Tukasema ni sisi, ni dawa ya magoti.

"Atakayeulizwa Jeddah," akasema, "si nyinyi. Ni Mama."

Hatukuweza kujibu. Kina dada, tunaomba mfikirie hali ile. Mwanamke wa umri ule, asiyejua kusoma maandishi ya Kizungu, amesimama uwanja wa ndege akiwa na ihramu yake, na afisa ameshika kichupa chenye jani la bangi alichofungiwa na wake za wanawe. Nchini Saudia mwenye kuingiza dawa za kulevya kwa biashara huweza kuhukumiwa kifo, na anayekutwa na kidogo cha kutumia mwenyewe hufungwa na kufukuzwa nchini. Maelezo ya kwamba mjukuu alisema si bangi hayapimwi pale mlangoni. Yanapimwa baadaye, maabarani, na mwenye sanduku huwa yuko ndani akisubiri.

Mama alisafiri salama bila vitu hivyo. Sisi tulibaki na aibu na kichupa juu ya meza. Hatukutaka kukitupa kabla ya kuelewa tulichokuwa tumekishika, na wakili yule, Allah amlipe, alitupa jioni mbili za wakati wake.

Alianza na chai, kwani huku kila somo huanza na chai. Akauliza: chai nyeusi, chai ya kijani na chai nyeupe hutoka katika miti mingapi? Hata sisi wa pwani tulishajifunza kuwa ni mti mmoja, na tofauti inatokana na jani lililochumwa na namna lilivyoshughulikiwa kiwandani. Akauliza tena: na ile chai ya zambarau? Taasisi ya utafiti wa chai iliyoko hapa Kericho, pale Timbilil, ndiyo iliyoitoa mbegu ya chai ya zambarau mwaka 2011. Ni mti uleule wa chai, ila watu waliuchagua na kuukuza kizazi baada ya kizazi hata jani likajaa rangi isiyopatikana kwa wingi katika mingine.

Basi hempu na bangi ni hivyohivyo. Ni mmea mmoja kwa jina la kitaalamu, kanabisi. Katika ua la mmea jike kuna vijinywele vyenye utomvu, na katika utomvu huo kuna kemikali nyingi, mbili zikiwa mashuhuri. Moja hufupishwa THC, nayo ndiyo ilevyayo. Ya pili ni CBD, ambayo hailevyi. Shirika la Afya Duniani liliipitia mwaka 2018 na halikuona dalili ya kuwafanya watu watumwa wake. Mkulima anayetaka bangi huchagua mbegu yenye THC nyingi, na bangi ya siku hizi hufika asilimia 10 au 15, mara nyingine hata kupita 20. Anayetaka nyuzi za kamba, nguo na karatasi, au mbegu za chakula, huchagua mmea mrefu mwembamba wenye THC kidogo mno. Huo ndio uitwao hempu. Kwa macho ya kawaida shina ni lile na jani ni lile. Polisi hawezi kutofautisha kwa kuangalia, wala mama wa nyumbani hawezi.

Hapa tuseme neno kidogo kuhusu jina, maana mmoja wetu alifundisha Kiswahili na hawezi kupita bila kusema. Baadhi ya kamusi huita hempu katani. Lakini sisi tulipokuwa watoto, katani kwetu ilikuwa ni ile ya mkonge, ya Vipingo na ya Tanga, na kamba za katani zilikuwa za mkonge. Kwa hiyo tukiandika katani hapa tutawatia hatiani wakulima wa Kilifi bure. Tutaiacha hempu iwe hempu.

Tukauliza: ikiwa THC ni kidogo na haileweshi, sheria inagombana na nini?

Jawabu ni kwamba mpaka baina ya hempu na bangi hauko katika mmea, umo katika karatasi za kila nchi. Marekani, kwa sheria yao ya kilimo ya mwaka 2018, waliandika kuwa kanabisi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3 ya uzito mkavu ni hempu, na inayozidi hapo ni bangi. Umoja wa Ulaya ulikuwa na kiwango cha 0.2 kwa wakulima wake, kisha ukapandisha hadi 0.3 mwaka 2023. Hata mkataba mkuu wa kimataifa wa dawa za kulevya, wa mwaka 1961, ulisema haugusi kilimo cha mmea huo ikiwa ni kwa ajili ya nyuzi na mbegu tu. Ukaiachia kila nchi iamue nyumbani kwake.

Kenya iliamua namna nyingine. Sheria yetu ni ile ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya. Wakili alitusomea ufafanuzi wake akitufasiria polepole. Mmea wa kanabisi, kwa sheria hiyo, ni mmea wowote wa jamii hiyo kwa jina lolote uitwalo. Tulimwomba arudie: kwa jina lolote. Kwa hiyo kuuita hempu hakuutoi. Halafu akafika kwenye mafuta. Mafuta ya kanabisi, kwa sheria ya Kenya, ni kimiminika chochote chenye THC kwa kiasi chochote, hata kiwe kidogo namna gani. Hakuna 0.3. Hakuna 0.2. Tone moja ndani ya ndoo, ikiwa linapimika, limetosha.

Tukakitazama kichupa. Kwenye kibandiko kiliandikwa kwa maandishi madogo, ambayo sisi tulio na miwani hatukuyasoma, kwamba THC iliyomo ni chini ya 0.3. Mjukuu wetu hakusema uongo. Alikuwa anasema ukweli wa Minnesota.

Na hata kama kibandiko kingesema sifuri, bado. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni na kuzipima. Ni 31 tu kati ya kila 100 ambazo kibandiko chake kilisema kweli kuhusu kiasi cha CBD, na katika bidhaa 18 ilikutwa THC. Walionunua walilipa pesa zao kwa kuamini maandishi. Dawa ya CBD iliyopimwa kikamilifu ipo. Marekani waliiidhinisha mwezi wa Juni 2018 kwa aina adimu za kifafa cha watoto, hutolewa kwa cheti cha daktari na hufuatiliwa ini la mgonjwa. Mama yeyote mwenye mtoto wa kifafa asije akadhani kichupa cha sokoni ni dawa ileile. Ama magoti, ushahidi kwamba mafuta hayo huyaponya bado ni mwembamba.

Adhabu nazo tuliuliza. Kwa marekebisho ya mwaka 2022, aliyekutwa na bangi akaithibitishia mahakama kuwa ni ya kutumia mwenyewe huweza kufungwa hadi miaka 5 au kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000. Kulima ni mlango mwengine kabisa: faini ya shilingi 250,000 au mara tatu ya thamani ya zao sokoni, ikichukuliwa iliyo kubwa, au kifungo hadi miaka 20, au vyote viwili. Na hapo wakili aliongeza neno tulilolisikiliza nusunusu, kwamba kosa hilo humkamata pia mwenye ardhi aliyeruhusu ardhi yake ilimwe.

Tulimwaga kichupa na kopo ndani ya choo cha shimo, tukaona tumemaliza. Kumbe hatujafika nusu.

Siku ya nne tangu Mama aondoke tulikwenda Bomet kuangalia nyumba yake. Shamba lile la ekari mbili hushughulikiwa na shemeji yetu, kitinda mimba wa Mama, kijana mpole, mchapakazi, asiyekosa swala. Tulipofika kwenye kijia tuliona udongo mwekundu mahali pasipostahili kuonekana udongo. Mistari minne ya chai ilikuwa imeng'olewa. Visiki vimelazwa kando, mizizi juu.

Wasomaji wa pwani wafahamu kwamba mti wa chai haung'olewi kama mhogo. Miche ikipandwa leo, utangoja kama miaka mitatu hadi uchume kwa maana. Ukitunzwa huchumwa miaka hamsini na zaidi. Mistari ile Mama aliipanda kwa mkono wake akiwa na mimba ya mume wa mmoja wetu.

Shemeji alitukaribisha kwa adabu, akaleta chai ya maziwa na mursik katika kibuyu. Alikuwa na furaha ya mtu mwenye siri njema.

"Shemeji zangu," akasema, "nyinyi mnajua bonasi ilivyokuwa."

Tunajua. Huku Kericho na Bomet si siri kwamba wakulima wadogo hulipwa bonasi ya chini kuliko wenzao wa upande wa Mlima Kenya kwa kilo ileile, na kila mwaka ikitangazwa kuna maombolezo kwenye vituo vya kununulia chai. Mkulima aliyekopa karo ya shule akitegemea bonasi hurudi nyumbani akiwa na deni jipya. Hatuwezi kumcheka mtu wa namna hiyo akisikiliza maneno ya mgeni.

Mgeni alikuwa amekuja kwa pikipiki, na mkoba na picha. Aliwaambia vijana kadhaa kwamba hempu si bangi, na hapo alisema kweli. Akasema hulimwa Ulaya na Marekani, na hilo pia ni kweli. Akasema Uganda wanalima kule Kasese na kupeleka nje, Rwanda wameruhusu, Malawi wamepitisha sheria mwaka 2020. Yote hayo yana ukweli wake. Kisha akaunganisha kweli hizo kwa uzi mmoja wa uongo: kwamba Kenya nayo imeruhusu. Kila mkulima atoe robo ekari, alipe mbegu na usajili, na kampuni itanunua mavuno yote. Shemeji alikuwa ameuza mtamba kwa shilingi 45,000 na kumpa zote. Mbegu zingefika baada ya wiki mbili.

Tulimwambia haijaruhusiwa. Hakutuamini, na hoja zake hazikuwa za kijinga. Alikumbusha kwamba mwaka 2018 mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, alitoa mswada wa kuhalalisha. Kwamba mwaka 2021 Marastafari walikwenda Mahakama Kuu Nairobi kudai haki yao. Kwamba mwaka 2022 mgombea urais George Wajackoyah alizunguka nchi nzima akiinadi bangi kama zao la kulipa deni la taifa, na hakuna aliyemkamata. "Mngeniambia ni haramu ya serikali," akasema, "vipi mtu anainadi kwenye televisheni?"

Swali hilo lilitushinda mezani pale, nasi tukampigia simu wakili, tukaweka sauti nje wote tusikie. Alimjibu bila kumdharau. Mswada si sheria. Kesi si hukumu. Ahadi ya mgombea ni maneno ya mgombea, na mtu ana ruhusa ya kuomba sheria ibadilishwe ilhali hana ruhusa ya kuivunja. Malawi wanaweza kulima kwa sababu bunge lao liliandika sheria na kuweka mamlaka ya kutoa leseni. Bunge la Nairobi halijafanya hivyo. Akamuuliza ana karatasi gani. Shemeji akaingia ndani akatoka na karatasi yenye muhuri, akaisoma neno kwa neno. Wakili akanyamaza kidogo.

"Ndugu yangu, hicho ni cheti cha kusajili jina la biashara. Hata mwenye kibanda cha chapati huwa nacho. Si leseni ya kulima kitu."

Kisha akauliza swali ambalo sisi tuliokuwa tumesikia nusunusu tulilisikia sasa lote. "Hati ya shamba imeandikwa jina la nani?"

Imeandikwa jina la Mama. Mwanamke aliyekuwa usiku ule Makka akiwaombea wanawe.

Shemeji aliweka karatasi chini. Hakulia, lakini alikaa muda mrefu akitazama nje, kwenye ule udongo. Mgeni wa pikipiki alipigiwa simu jioni ile na siku zilizofuata. Mara ya kwanza aliitika, mara ya pili alikata, baadaye namba haikupatikana. Mbegu hazikufika. Alhamdulillahi hazikufika, ingawa mtamba umekwenda. Vijana wengine wawili wa jirani walikuwa wamelipa pia, na mmoja wao hataki hadi leo tumwambie mkewe.

Tuliporudi Kericho tulibishana sisi kwa sisi, na ubishi huo haujaisha, nasi tunauleta kama ulivyo. Mkubwa wetu anasema kila kilichochorwa jani lile kisiingie nyumba ya Muislamu, kiwe sabuni, kiwe mafuta ya nywele, kwani mtoto akizoea kuliona jani bafuni hatalikimbia mtaani. Mdogo anasema hiyo ni kuharamisha kilichonyamaziwa. Tulikwenda kwa maalim wetu wa darasa la Alhamisi, aliyesoma fiqhi Lamu. Alitueleza kwamba wanazuoni waliijadili hashishi zamani mno, na az-Zarkashi aliitungia risala nzima ya kuiharamisha. Kilevi ni haramu, kingi chake na kichache chake, kiwe cha kunywewa au cha kutafunwa. Lakini katika madhhabu yetu ya Shafi'i, najisi ni kilevi kilicho kimiminika. Mmea mkavu wenye kulevya ni haramu kuutumia kwa kulewa, wala si najisi kuugusa. Kwa hiyo kamba ya hempu au kitambaa chake hakiharibu swala ya mtu, na mbegu isiyolevya haiingii katika hukumu ya kilevi. Ama dawa, akasema, ina mlango wake wa dharura, na mlango huo una daktari mbele yake.

Mdogo wetu akadhani ameshinda. Maalim akamgeukia: "Na kumtii mwenye mamlaka katika jambo lisilo la maasi?" Tukarudi nyumbani kila mmoja akiwa na nusu ya ushindi.

Tunalotaka kina mama wa pwani walishike zaidi ni la masanduku, maana pwani ndiyo yenye watoto wengi wanaokwenda Ghuba. Binti anayekwenda kufanya kazi Doha au Dubai, mume anayerudi Maskati, hujaji anayekwenda Makka, hupewa na jamaa wa Ulaya na Marekani zawadi za nia njema: peremende za usingizi, krimu ya uso, mafuta ya viungo, unga wa protini. Siku hizi vitu hivyo vyote vinaweza kuwa na hempu. Someni nyuma ya kibandiko, mkitafuta maneno kanabisi, hempu, CBD na THC kwa herufi za Kizungu, na mkiona hata moja, kitu kisisafiri. Wala msimfungie mtu sanduku lake kwa mapenzi, kama tulivyofanya sisi. Hata mtoto wa kwenu aliye London au Minnesota msimgombeze. Mwambieni tu kwamba ruhusa ya kwao inaishia kwao.

Mama alirejea baada ya siku kumi na nne, na Zamzam, na tende za Ajwa, amekonda lakini uso umenawiri. Alitufu kwa miguu yake. Kusai alisukumwa kwa kiti nusu ya njia, na hilo alilieleza kwa masikitiko kuliko lilivyostahili. Tulimficha habari ya shamba siku tatu. Siku ya nne alidai apelekwe Bomet, tukampeleka.

Alishuka garini, akatembea na bakora hadi kwenye udongo mwekundu, akahesabu visiki kimoja kimoja kwa sauti ya chini. Shemeji alisimama nyuma yake, kichwa chini, akamweleza yote tangu pikipiki hadi mtamba. Hakuongeza wala hakupunguza. Mama hakumkemea. Aliuliza jambo moja tu: kama mgeni yule alikula chakula chake. Shemeji akasema alikula, alikunywa na chai.

"Chai ya mistari hii," akasema Mama.

Miche ilinunuliwa mvua za Machi zilipoanza, kwa mchango wa ndugu wote, na wake zao wakiwemo. Mama aliletewa kigoda, akakaa kwenye ukingo wa shamba akiwa amejifunga shali, akawa anamwelekeza mwanawe umbali: futi nne baina ya mistari, futi mbili na nusu baina ya mche na mche, na kila alipokosea alimwonyesha kwa ncha ya bakora. Usiku ule magoti yalimwuma sana. Akauliza yale mafuta ya Minnesota yako wapi. Tukatazamana, tukamweleza, akacheka hadi akatoa machozi kwa kusikia yalikoishia. Kisha akanyoosha miguu, nasi tukamchua kwa mafuta ya nazi yaliyotoka Kuze, mmoja goti la kulia, mwengine la kushoto.